Kichuguu cha Njia ya Simbo

Mama yangu uliyelala makaburini Rusimbi,

Nakuandikia mchana, mlango ukiwa wazi, kwa kuwa nimegundua kwamba hofu niliyo nayo haipungui kwa mwanga wala haizidi kwa giza. Inakaa pale pale. Nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba jambo likishapimwa huacha kutisha, na ndiyo sababu nilichagua kazi ya kupima. Sasa nimepima, nimepata jibu, na jibu lenyewe ndilo linalonitisha. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyetaka kumweleza. Kwa kuwa huwezi kunijibu, nimeomba barua hii ichapwe gazetini, ili iwafikie kina mama ambao bado inaweza kuwafaa.

Unaikumbuka njia yetu ya kutoka Kasingirima kwenda Simbo, kwenye shamba la bibi. Tulitoka mara baada ya alfajiri, wewe ukiwa na jembe begani na kikapu kichwani, mimi nyuma nikikanyaga palepale ulipokanyaga. Katikati ya safari, pale ardhi inapokuwa tambarare, palikuwa na bohari la mabati lililozungushiwa uzio wa waya. Lilikuwa bohari la dawa ya nzige. Nzige wekundu walikuja kutoka vinamasi vya Malagarasi, na serikali ya wakoloni ilichanganya pumba na sumu, ikazitandaza maporini ili nzige wale wafe. Mapipa yalipangwa nje, mengine yakivuja. Karibu nayo hapakuota kitu isipokuwa nyasi chache zenye rangi ya kutu. Wewe uliyekuwa ukiimba njia nzima, ulinyamaza tulipofika pale. Ulinishika mkono hadi vidole vikaniuma, na hukuniachia mpaka tumefika kijitoni. Hapo uliniambia maneno yale yale kila safari: "Nawa miguu, baba." Uliniita baba kwa kuwa nilirithi jina la baba yako. Nilinawa, nawe ukainama ukanikagua kati ya vidole.

Siku moja mbuzi wa jirani walipenya uzio wakala pumba zilizomwagika. Tuliwakuta wamelala kando ya njia, matumbo yamevimba, mmoja bado akitupa mguu. Ulinifunika uso kwa khanga yako, lakini khanga ilikuwa imechakaa, nikaona kupitia nyuzi zake. Tangu siku hiyo naijua sura ya kitu ninachokiogopa. Ni sura ya chakula. Mbuzi wale hawakuvamiwa na kitu chochote. Walipewa kitu wanachokipenda.

Majira yale ulikuwa na mimba ya mdogo wangu Mwamini, na ulikuwa ukila udongo. Nyuma ya migomba ya bibi palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mimi, nawe ulinituma na kisu butu nikakuchongee vipande kutoka upande wa juu, ule unaopigwa na jua. Nilivileta juu ya jani la mgomba. Kabla hujala ulinimegea kidogo. "Onja, uniambie kama kina mchanga." Nilionja kwa makini kama hakimu, nikasema hakina. Ndipo ulipokula, macho umefumba, na uso wako ukawa wa mtu aliyefika nyumbani. Baba aliporudi kutoka ziwani na kukukuta hivyo, alisema, "Huyu mke atanizalia tofali." Ukamjibu bila kufumbua macho, "Tofali litajenga. Mitumbwi yako imejenga nini?" Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Nimelazimika kuyakumbuka haya yote kwa mpangilio, kwa sababu kosa ninalokuandikia habari zake lilitokea pale ambapo hakuna aliyeyakumbuka.

Uhuru ulipokuja uliuona. Ulisimama kiwanjani Ujiji na wenzako mkapiga vigelegele, kisha ukarudi nyumbani kumenya mihogo. Bwana wa nzige, mzungu aliyesimamia bohari, alikuwa ameondoka. Mabati ya bohari yaling'olewa moja moja yakaenda kuezeka nyumba za watu, waya wa uzio ukaliwa na kutu, lakini mapipa hakuna aliyeyagusa, wala ardhi iliyokuwa chini yake. Ulifariki ikiwa bado hivyo. Hukuyaona malori yalipoanza kuwashusha watu kutoka vilimani, pamoja na milango yao, kuku wao na vinu vyao, waje waishi pamoja katika vijiji vya ujamaa.

Kijiji kimoja kilipangiwa pale pale. Fikiria jinsi ardhi ile ilivyoonekana machoni pa mtu mwenye ramani: tambarare, karibu na barabara, kijito karibu, haina mwenyewe. Wewe ungewaambia kwa nini haikuwa na mwenyewe. Hata hivyo niwatendee haki waliohusika, kwani waliuliza. Walielezwa habari za bohari, wakaamua kwamba ardhi isafishwe kwanza. Vijana wa kujitolea walichimba udongo wote wa juu hadi kina cha kiuno, wakaubeba pamoja na mapipa hadi kwenye shimo lililotandikwa mfinyanzi, mbali na kijito, wakamwaga chokaa, wakafukia. Kisha wakaleta udongo mwingine, safi, wakaujaza pale walipochimba. Kazi ilifanywa kwa uangalifu. Nasema hivyo nikiwa mtu anayelipwa kutafuta dosari.

Nilipoitwa, kuchimba kulikuwa kumekwisha. Kazi yangu ilikuwa kupima kilichobaki. Sumu ile inaitwa aseniki; haina harufu, haina ladha, na haiozi. Kuitafuta, unaweka udongo kidogo katika chupa pamoja na asidi na vipande vya zinki, kisha unafunika mdomo wa chupa kwa karatasi iliyotiwa dawa. Aseniki ikiwamo, mvuke unaopanda huigeuza karatasi kuwa ya manjano, na ikiwa nyingi, kuwa ya kahawia. Isipokuwamo, karatasi hubaki nyeupe. Nilichukua udongo kutoka mahali patakapojengwa shule, mahali pa zahanati, mashambani, njiani, kingo za kijito. Nilichelea hasa kijito, kwa kuwa kinaishia ziwani, na pale kinapoingilia ndipo wanawake wanaposafishia dagaa. Karatasi zilibaki nyeupe. Nikaandika kwamba ardhi ile inafaa kwa makazi, kilimo, shule na zahanati. Nilichoandika ni kweli hata leo.

Pembeni mwa uwanja wa zahanati kulikuwa na kichuguu. Wachimbaji walikizunguka bila kukigusa. Niliuliza sababu, na kiongozi wao akanitazama kama anayetazama mgeni. "Kile ni kitoweo, mzee. Mvua zikianza, kumbikumbi wake wanajaza ndoo. Nani anavunja kichuguu chenye kumbikumbi?" Unajua mwenyewe kwamba alisema kweli. Kwetu kichuguu kina mwenyewe hata pale ambapo ardhi haina, na mtu anayekivunja hujulikana kwa jina. Mwongozo niliopewa uliniuliza nani atakanyaga udongo, nani ataulima, nani atachota maji yake. Kichuguu hakikanyagwi, hakilimwi, hakichotwi maji. Hakikuwamo.

Mume wa Mwamini ni mwalimu, naye akapelekwa kufundisha katika kijiji hicho. Mwamini akamfuata. Hukujua, Mama, kwamba baada yako mwanao alipoteza mimba, kisha akapoteza nyingine. Hii ya sasa ndiyo ya kwanza kufikia hatua ya mtoto kucheza. Nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta barazani akichambua maharage, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Hatujambo," akasema, akiligusa tumbo. "Siku hizi najibu kwa wingi."

Tukazungumza habari za nyumbani. Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa kipande cha udongo chenye rangi ya kahawia nyekundu, akakivunja vipande viwili, akaninyooshea nusu. "Karibu. Au siku hizi unakula kwa uma tu?"

Nilikipokea. Kilikuwa chepesi, kikavu, kizuri. "Umekitoa wapi?"

"Si hapo." Akaelekeza kidevu upande wa zahanati. "Kwenye kichuguu. Wote tunachukua hapo. Kitamu kuliko cha Simbo, kaka. Usimwambie Mama."

Nami nimekuambia.

Nilitia kile kipande katika leso. Mwamini aliniona akacheka, akauliza kama nampelekea wifi yake. Nikasema ndiyo. Kutoka barazani kwake hadi barabarani nilitembea polepole, kama mtu asiye na jambo, na sijui niliwezaje, kwa sababu tangu alipotaja kichuguu nilikuwa nimeshaelewa. Mchwa hawajengi kwa udongo wa juu. Wanashuka chini kuliko jembe, kuliko kiuno cha mchimbaji, wanatafuta unyevu na mfinyanzi laini, wanaupandisha chembe kwa chembe midomoni mwao. Mvua za miaka yote tangu enzi za bohari zilikuwa zimeishusha sumu huko huko. Sisi tulichimba hadi pale tulipochimba. Mchwa waliendelea.

Karatasi iligeuka manjano.

Nieleze kwa usahihi, kwa maana woga wangu si sababu ya kutia chumvi. Haikuwa kahawia, na udongo wa bohari la zamani ungetoa rangi iliyokoza zaidi. Mtu akikigusa kichuguu kile hatadhurika, wala kuku akipita juu yake. Lakini mjamzito anayekula kipande asubuhi na kipande jioni, mwezi baada ya mwezi, huyo sina kitabu kinachosema habari zake. Nimetafuta katika vitabu nilivyosoma chuoni na nimewaandikia wenzangu. Vinazungumzia maji, nafaka, mikono ya wafanyakazi. Waliovitunga hawakuwa na mama aliyewatuma kuleta udongo.

Nilirudi siku iliyofuata nikamweleza Mwamini. Alisikiliza bila kunikatiza, mkono juu ya fundo la khanga. Kisha akalifungua, akamwaga vipande vyote chini, akajifuta vidole ukutani.

"Na mtoto?"

"Sijui."

"Wewe tangu utotoni unajua kila kitu," akasema. "Mambo yote umeyajua, hata yasiyo na kazi. Hili moja ndilo hulijui."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Nilieleza habari za mchwa na za karatasi kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Mwenyekiti ni mtu mwema, ila amechoka. Tangu malori yaje hajapumzika. "Ndugu mtaalamu," akasema, "juzi umetuambia ardhi ni safi. Leo unatuambia si safi. Watu hawa nimewaleta hapa kwa neno lako. Nishike lipi?"

"Yote mawili. Ardhi ni safi kwa kujenga, kulima na kukanyaga. Kichuguu si salama kuliwa."

"Kuliwa?" Akawageukia watu, akatabasamu. "Jamani, hapa nani anakula kichuguu?"

Wanaume wakacheka. Hakuna hata mmoja pale ambaye hakujua mkewe anakula nini akiwa mjamzito. Lakini kila mmoja alilijua ndani ya nyumba yake, na hakuna aliyewahi kulisikia mkutanoni. Wanawake wengine walitazama chini, wengine walijifunika mdomo kwa khanga. Kisha akasimama mkunga wa zahanati, mwanamke wa Kiha wa makamo, anaitwa Mama Stefano.

"Sote," akasema. Akakaa.

Kicheko kilikoma. Mama, nimewahi kuwa na hofu ya mitihani, ya radi ziwani, na ya siku ile tuliyokuzika, lakini sijawahi kuona hofu ikiingia kwa watu wengi kwa wakati mmoja bila mtu kupaza sauti. Mume mmoja alimtafuta mkewe kwa macho. Mwingine akamtafuta wake. Mwanamke kijana akauliza, kwa sauti ndogo mno, kama mtoto anayemnyonyesha naye yumo hatarini. Nilimjibu nilichomjibu Mwamini.

Kichuguu kilivunjwa. Udongo wake ulipelekwa shimoni, na mahali pake pakachimbwa hadi vijana wakazama vichwa. Nilipima chini ya shimo lile nikakuta rangi hafifu, nikaagiza wachimbe tena, nikapima tena hadi karatasi ikawa nyeupe. Nilifikiri nitalala. Majuma machache baadaye nilipokuwa nikipita nyuma ya zahanati, upande wa chumba cha kujifungulia, niliona ardhini vinundu vidogo vyekundu, vyenye unyevu, vikubwa kama kidole gumba. Mchwa walikuwa wakianza upya. Nilisimama pale nikiwa na fimbo mkononi nikashindwa kuinyanyua, si kwa huruma; nilikuwa nikijiuliza wametokea kina gani, na ni wapi kwingine wanapanda wakati huu nikitazama hapa.

Vinundu vile navyo nilivipima. Vilikuwa safi. Lakini sikuwaficha wanawake jambo nililolielewa siku ile, wala silifichi hapa. Tulizoea kusema ardhi imesafishwa kama tunavyosema nguo imefuliwa, kazi imekwisha, ianikwe. Ardhi iliyowahi kubeba sumu haifiki mwisho wa namna hiyo. Inaweza kujengwa, na imejengwa. Mahindi yake nimeyala, na nitayala tena. Ila inadai watu wanaojua chini yake kuna nini na wasiochoka kukumbuka, nao wawaambie watakaozaliwa ambao hawakuwaona mbuzi.

Mama Stefano alilielewa kabla sijamaliza kueleza. Wanawake wamepeana zamu. Kila asubuhi mmoja anazunguka uwanja akiwa na jembe, akiona kinundu anakibomoa na kuniwekea kipande katika kopo. Kila mjamzito anayefika zahanati anaambiwa habari hii kabla hajaulizwa jina. Udongo wa kula unatoka Simbo na si kwingine. Wewe msomaji mwenye dada, binti au mke aliyehamishiwa mahali ambapo zamani palikuwa bohari la dawa, josho la ng'ombe au ghala la bwana shamba wa kikoloni, uliza habari za mahali hapo, kisha umuulize yeye anakula nini. Usicheke akikujibu.

Nimalizie na la Simbo, kwa kuwa linakuhusu.

Mwamini alivumilia siku chache, kisha akanitumia ujumbe kwamba hamu inamshinda, mate yanamjaa, halali usiku. Nimletee udongo wako. Nilikwenda. Bibi hayupo, migomba imebaki michache, lakini kichuguu kipo, kimekuwa kipana. Nilichonga upande wa juu, ule wa jua. Nilipofika mjini nilikitia kipande katika chupa pamoja na asidi na zinki. Nilikuwa sipimi tu udongo wa Mwamini wa leo. Nilikuwa napima ulichokula ukiwa umembeba yeye, na nilichokuwa nikikuletea kwa mikono yangu. Nikaifunika chupa kwa karatasi, nikaenda kusimama mlangoni nikilitazama ziwa, nikarudi.

Ilibaki nyeupe, Mama. Nyeupe kabisa.

Nilimpelekea Mwamini juu ya jani la mgomba. Hakugusa. Alinitazama.

"Karatasi imesemaje?"

"Nyeupe."

"Na wewe?"

Ulimi wa mtu hauwezi kuitambua sumu ile. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote katika mkoa huu. Nilimega kipande, nikakitia mdomoni mbele yake, nikakitafuna kwa makini. "Hakina mchanga," nikamwambia. Ndipo alipokula, macho amefumba, na uso aliokuwa nao ni uso wako. Mtoto akacheza. Mwamini akaushika mkono wangu akauweka pale, nami nikauacha ukae, ingawa nilitamani kuuondoa, kwa sababu nilichokuwa nikigusa hakina karatasi ya kukipimia. Vile vipande vya kabla, vya asubuhi na vya jioni, vimo humo au vimepita, na hakuna wa kuniambia mpaka siku yake ifike. Atajifungulia katika zahanati ile ile. Amekataa kwenda kwingine; anasema amezunguka uwanja ule kwa zamu yake, na anaujua.

Jioni niliondoka kijijini kwa miguu kwa njia ile yetu. Ardhi niliyoikanyaga ni safi, nimeipima mwenyewe, na jina langu liko chini ya maneno hayo. Nilipofika kijitoni nilivua viatu, nikanawa miguu, nikainama nikajikagua kati ya vidole.

Lala kwa amani, Mama. Ukiweza kumwombea mtu, mwombee huyo asiye na jina bado.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
uliyekuwa ukinituma kuleta udongo.